Kukaguliwa uwanja wa ndege bila kuvunjiwa heshima: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege, na ofisi yetu iko Kariakoo. Zamani mteja alikuwa akiuliza bei, kilo za mizigo na saa ya kuripoti, basi. Siku hizi maswali mengi yanahusu pale penye mashine na mabeseni: kwa nini nivue viatu, huyu ana haki gani ya kunipapasa, achari yangu imewakosea nini, mbona kila safari ni mimi. Nimeyakusanya hapa kwa sababu naona abiria wengi wanapita pale ama wakiwa na woga kupita kiasi, ama wakiwa na hasira kupita kiasi. Penye sheria nimesema sheria. Penye maoni yangu nimesema ni yangu.

Sijafanya kosa lolote. Kwa nini nikaguliwe?

Ukaguzi huu hauhitaji uwe umeshukiwa. Askari polisi akikusimamisha Mtaa wa Msimbazi na kutaka kukupekua, anatakiwa awe na sababu inayokuhusu wewe. Uwanja wa ndege una kanuni inayomhusu kila anayepanda: bibi wa Tandika anayekwenda kumwona mjukuu, mfanyabiashara wa Guangzhou, mtawa, mwanafunzi, wote wanaweka mabegi kwenye mkanda uleule. Ndiyo maana mimi siuoni kuwa tusi. Utakuwa tusi siku utakapoanza kuchagua sura.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu nyingi duniani mtu alipanda ndege karibu kama tunavyopanda basi la Morogoro. Kisha ndege zikaanza kutekwa mfululizo. Septemba 1970 kadhaa zilipelekwa jangwani Jordan, abiria wakashushwa, ndege zikalipuliwa mbele ya kamera. Marekani ilianza kukagua abiria wote kwa lazima Januari 1973. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachohusu usalama wa anga. Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo unachokutana nacho Kipawa, kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kimetokana na mkataba huo, pamoja na sheria yetu wenyewe ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80.

Hayo si mambo ya huko kwao? Sisi Tanzania yanatuhusu nini?

Yanatuhusu, na yalianza kutuhusu zamani. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam, ilitekwa angani. Vijana walioiteka walimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikazungushwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted karibu na London, ndipo wakajisalimisha. Watu waliopanda Mwanza wakitarajia kula chakula cha jioni nyumbani Dar walijikuta Uingereza.

Novemba 1996 ilikuwa ndege ya Ethiopian Airlines, kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji walidai wana bomu na wakataka wapelekwe Australia. Rubani akawaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Ndege iliishiwa mafuta ikaangukia baharini kando ya Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125. Lile "bomu" lilikuja kujulikana kuwa ni chupa ya pombe iliyofunikwa. Huwa nawakumbusha kisa hiki wateja wanaosema, "Lakini ni chupa tu."

Wakazi wa jiji hili wenye umri wangu hawajasahau asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa Dar na watu 11 wakafa. Halikuwa tukio la ndege. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba Dar es Salaam iko mbali na mambo haya.

Katiba inasemaje? Faragha si haki yangu?

Ni haki yako. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inakupa haki ya kuheshimiwa na kulindwa wewe mwenyewe, maisha yako binafsi, familia yako na mawasiliano yako. Ibara ya 17 inakupa uhuru wa kwenda utakako. Ibara ya 14 inampa kila mtu, pamoja na yule atakayekaa kiti cha pembeni yako, haki ya kuishi. Na Ibara ya 30 inasema haki na uhuru wako usitumike kwa namna ya kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma, na inaruhusu sheria kutungwa kwa ajili ya usalama wa jamii.

Wengi wakifika Ibara ya 30 wanafunga kitabu. "Umeona? Usalama kwanza." Mimi naomba warudi kwenye 16, kifungu kidogo cha pili. Kinaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani faragha ya mtu inaweza kuingiliwa. Hali, namna na kiasi, yote matatu. Mkaguzi mwenye sababu halali ya kukukagua bado anaweza kukosea katika namna, au akazidisha kiasi. Malalamiko mengi yanayoletwa kwenye meza yangu ni ya namna na kiasi. Sijapata mteja aliyesema ndege zisikaguliwe.

Basi mpaka wa mkaguzi ni upi? Anatafuta nini hasa?

Anatafuta kitu kinachoweza kuiangusha ndege, kuiteka, au kumdhuru aliyemo: silaha, vilipuzi, vitu vinavyowaka, vyenye ncha. Kwangu mpaka uko hapo, na kila swali linalofuata kwenye ukurasa huu nimelijibu nikiwa nimesimama juu ya mstari huo. Ukaguzi wa usalama unakagua vitu. Haukagui ndoa yako, dini yako, siasa zako, wala sababu ya kwenda Dubai mara tatu kwa mwaka.

Uwanjani wapo pia wengine wenye mamlaka zao. Uhamiaji wanauliza pasi na viza. Forodha wanauliza bidhaa na fedha. Polisi wanashughulika na dawa za kulevya na wahalifu. Kila mmoja ana sheria yake na mipaka yake. Tatizo huanza pale mmoja anapovaa kofia ya mwingine, mtu wa mashine anapoanza kukuhoji maswali ya uhamiaji kwa sauti mbele ya foleni.

Wamarekani wamebishana sana mahakamani juu ya jambo hili, na mabishano yao yananisaidia kufikiri. Mwaka 1973 mahakama yao moja ya rufaa ilisema ukaguzi wa abiria wote bila kushuku mtu ni halali, alimradi usizidi kutafuta silaha na vilipuzi, na abiria awe na hiari ya kutosafiri. Mwaka 2009 mahakama ya Ohio ilikataa ushahidi wa pasi bandia uliopatikana wakati wa ukaguzi, kwa sababu wakaguzi walifungua bahasha ambazo tayari ilishaonekana hazina silaha. Hukumu hizo hazitufungi sisi. Lakini hoja yake ni ya kibinadamu kabisa: nimekuruhusu uingie sebuleni kuangalia kama kuna moto, usiende kufungua kabati la chumbani.

Kitu haramu kikionekana wazi wakati wa kutafuta silaha, mkaguzi hawezi kufumba macho, atawaita wahusika. Hilo halivuki mpaka. Kuvuka mpaka ni kuendelea kuchimba wakati umeshaona kwamba hatari kwa ndege haipo.

Naweza kukataa kukaguliwa?

Unaweza. Hutasafiri.

Kama utabadili mawazo, badili kabla hujaweka begi kwenye mkanda. Ukiondoka katikati ya ukaguzi ndipo unapoanza kutiliwa shaka, na nchi nyingine sheria haikuruhusu kabisa kujitoa ukishaanza. Huko Honolulu abiria mmoja alijaribu hivyo, na mwaka 2007 mahakama ikasema umeshaingia, utamaliza. Na kukataa kukaguliwa si sababu ya kurudishiwa nauli.

Kwa nini nikaguliwe mlangoni, halafu tena ndani? Hawaaminiani?

Ukaguzi wa mlangoni unawalinda watu waliomo ndani ya jengo. Ule wa ndani unailinda ndege. Machi 2016 Brussels ilishambuliwa kwenye ukumbi wa kujiandikisha, kabla ya ukaguzi, na Juni mwaka huohuo ikashambuliwa Istanbul. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa tayari vinakagua mlangoni. Gharama yake ni foleni nje juani, na nadhani kuna haja ya kivuli na viti vya wazee mahali pale. Wewe ondoka nyumbani mapema. Barabara ya Nyerere unaijua, daraja la Tazara limesaidia lakini foleni bado ipo. Safari ya nje nawaambia wateja wafike saa tatu kabla ya ndege kuondoka.

Wamechukua achari yangu, asali ya Tabora na samli ya mama. Hivyo ni vimiminika?

Hapa ndipo machozi yanapotoka, na ninawaelewa. Mtu amepikiwa achari ya maembe wiki nzima ipelekwe kwa mtoto aliyeko masomoni Uingereza, halafu inaingia kwenye pipa mbele ya macho yake.

Kanuni ya mililita 100 ilitokana na njama iliyogunduliwa London Agosti 2006, ya kulipua ndege kadhaa za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Mashine za wakati ule hazikuweza kutofautisha juisi na kilipuzi. Ikawekwa kanuni: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, usiozidi lita moja. Kinachohesabika ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 200 yenye mafuta nusu haipiti.

"Kimiminika" kwa mkaguzi ni kitu chochote kinachomwagika, kinachopakwa au kinachochukua umbo la chombo. Kwa hiyo asali ni kimiminika. Achari pia. Samli, hata ikiwa imeganda. Mafuta ya nazi, siagi ya karanga, dawa ya meno, marashi, mtindi. Korosho, kashata, ubuyu mkavu, dagaa wakavu, unga na majani ya chai si vimiminika. Ila unga mwingi kwenye begi la mkononi unaweza kufunguliwa na kuchunguzwa, kwa hiyo uweke begi la chini, lile unalokabidhi kwenye kaunta.

Suluhisho ni lilelile: begi la chini. Funga kifuniko kwa utepe wa gundi, zungushia taulo, weka katikati ya nguo. Nimepeleka samli hadi Toronto kwa njia hii na haikumwagika. Kwanza hakikisha tu kwamba nchi unayokwenda inaruhusu chakula hicho kuingia, maana hilo ni swali la forodha zao na majibu yanatofautiana.

Dawa za hospitali na maziwa au chakula cha mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa kuzidi mililita 100, kwa kiasi cha safari. Vitoe nje na useme kabla hujaulizwa, na ubebe cheti cha daktari.

Wengine wanauliza kuhusu ule mfuko wa plastiki, kwa vile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ule mdogo wa kufunga kwa zipu, wa kubebea sabuni na vipodozi vya safari, serikali ilieleza kuwa unaruhusiwa, alimradi msafiri abaki nao.

Sime, rungu na mkuki wa zawadi?

Begi la chini. Usibishane.

Wanaweza kunilazimisha nivue ushungi? Nani ana haki ya kunipapasa?

Mwaka mmoja nilimsindikiza mama yangu mzazi kwa safari ya kuunganisha ndege. Kwenye uwanja tuliobadilishia, ambao sitautaja, kijana wa kiume alimwonyesha kwa kidole kwamba avue mtandio, palepale, watu wamejaa mbele na nyuma. Mama alikuwa na miaka sabini na kitu. Hakujua lugha yao. Akaanza kuuvua huku mikono inatetemeka, kwa kuwa alidhani akikataa atafungwa. Nilikuwa foleni nyingine, nikapiga kelele, akaja mkaguzi mwanamke akampeleka pembeni nyuma ya pazia. Dakika mbili zikatosha. Mama hakusema neno mpaka tulipokaa kwenye ndege, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe palikuwa na pazia?"

Pazia lilikuwepo. Mkaguzi mwanamke alikuwepo. Usalama wa ndege usingepungua hata chembe kama angeambiwa mapema. Tangu siku ile kila mteja wangu namweleza mambo yafuatayo kabla hajalipia.

Ushungi, kilemba, baibui pana, kofia ya dini, vyote vinaweza kukaguliwa, kwa sababu kitu kinaweza kufichwa ndani yake. Lakini unaweza kuomba, kwa upole na mapema, ukaguliwe na mtu wa jinsia yako, mahali pa faragha, na awepo shahidi. Mara nyingi hata kuvua hakuhitajiki. Mkaguzi anapapasa juu ya kitambaa, au wewe mwenyewe unajipapasa kichwani halafu viganja vyako vinapimwa kwa kitambaa maalumu kinachonasa chembe za vilipuzi. Hapa kwetu msingi huo si mgeni: sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai nayo inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Ikiwa hata mtuhumiwa anastahili hivyo, abiria aliyelipa nauli yake anastahili zaidi.

Mtoto akaguliwe mzazi akiwepo. Mwenye kiti cha magurudumu au mguu wa bandia asitenganishwe nao bila kuelezwa kwanza.

Ile mashine ya kusimama umeinua mikono, inaona uchi?

Za kwanza zilionyesha umbo la mwili waziwazi mno, na watu walikuwa na haki ya kukasirika. Zilisambaa baada ya Krismasi ya 2009, kijana alipopanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na kilipuzi ndani ya chupi. Kitambuzi cha metali hakiwezi kuona kitu kisicho na metali. Abiria wa Marekani walipiga kelele, wakaenda mahakamani, bunge lao likatoa masharti. Zile zilizotumia eksirei na zikashindwa kuficha umbo la mtu zilikuwa zimeshaondolewa kwenye viwanja vyao kufikia 2013. Zilizobaki zinaonyesha kikaragosi kimoja kwa kila mtu, na alama mahali panapohitaji kuangaliwa.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba kelele zilizaa mashine bora. Usalama haukupungua, aibu ikapungua. Kila mara ninapoambiwa lazima tuchague kimoja, ninakumbuka kikaragosi kile.

Kuhusu afya: mashine hizi zilizobaki, za mawimbi ya milimita, hazitumii eksirei. Eksirei iko kwenye mkanda wa mabegi, na wewe hupiti mle. Mjamzito anaweza kupita kwenye kitambuzi cha metali. Akiwa na wasiwasi aombe kukaguliwa kwa mkono. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo abebe kadi yake, aseme mapema, na ile fimbo ya mkononi ya kutambua metali isishikiliwe juu ya kifua chake.

Mbona kila safari wananitoa mimi pembeni? Ni jina langu?

Inaweza kuwa bahati nasibu, maana mashine nyingi huchagua mtu wa kuangaliwa zaidi bila kujali ni nani. Inaweza kuwa tiketi: ya kwenda tu, iliyonunuliwa leo, iliyolipiwa taslimu. Ukiona herufi SSSS kwenye pasi yako ya kupandia ndege ya Marekani, ujue umeteuliwa kwa ukaguzi wa ziada kabla hujafika uwanjani. Na ndiyo, inaweza kuwa jina. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani watu wengi wenye majina ya Kiislamu wamesimamishwa kwa sababu tu jina lao linafanana na la mtu mwingine. Pwani yetu yote imejaa akina Mohamed, Salim na Abdallah, na hilo ninaliona kwenye kazi yangu.

Kama ni jina, Marekani wana utaratibu uitwao DHS TRIP. Unaomba mtandaoni, bure, na unapewa namba tunayoiweka kwenye tiketi kila ukisafiri. Wateja hawaujui.

Msimamo wangu ni kwamba kuchagua watu kwa sura, kabila au dini ni dhuluma, na pia ni ulinzi mbovu. Anayepanga ubaya akishajua sura gani inaachwa, atamtuma mwenye sura hiyo. Hata kuwasoma watu nyuso kuna walakini: Novemba 2013 ofisi ya ukaguzi wa serikali ya Marekani ilishauri ziwekewe kikomo fedha za mpango wa kutambua wahalifu kwa tabia zao uwanjani, kwa kuwa haukuwa na ushahidi kwamba unafanya kazi. Msafiri anatoka jasho kwa sababu kiyoyozi kimeharibika, au ni mara yake ya kwanza, au amemwacha mgonjwa Muhimbili.

Wanaweza kufungua simu yangu wasome ujumbe?

Mkaguzi wa usalama anaweza kukuambia uwashe simu au kompyuta, kuonyesha kwamba ni kifaa kweli. Februari 2016 bomu lililofichwa kwenye kompyuta ndogo lilitoboa ndege ya Daallo iliyokuwa imeruka kutoka Mogadishu. Aliyekuwa nalo ndiye aliyekufa peke yake. Ndege ilirudi ikatua. Kwa hiyo kuiwasha, kuitoa kwenye begi, kuipitisha peke yake, hayo yana maana.

Kusoma WhatsApp yako hakuna maana yoyote kwa usalama wa ndege. Hakuna ujumbe unaolipuka. Akitaka kusoma, huyo anafanya kazi nyingine, na una haki ya kuuliza kwa adabu anafanya kwa sheria ipi na msimamizi wake ni nani. Mipakani mwa nchi nyingine, Marekani ikiwemo, maofisa wa mpaka wana mamlaka mapana zaidi juu ya vifaa vyako. Hilo lijue kabla ya kwenda.

Taarifa zangu zinakwenda wapi?

Mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kuzichukua, kwa hiyo nijibu kwa uwazi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi na uraia vinakwenda kwa shirika la ndege, na shirika hupeleka kwa nchi unayokwenda kabla hujafika. Azimio 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2017, liliwataka wanachama wajenge uwezo wa kukusanya taarifa hizi na zile za tiketi: simu, njia ya malipo, umeketi wapi.

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa awe na sababu halali, azitumie kwa sababu hiyo, azilinde. Inanihusu na mimi, mwenye nakala za pasi za wateja kwenye droo. Wakala akimtumia mtu mwingine picha ya pasi yako kwa makosa, au akiitupia kwenye kundi la WhatsApp, amevunja imani yako kuliko mkaguzi yeyote wa Kipawa. Mimi ninazo za safari zinazoendelea tu, nyingine ninachana.

Wakubwa wanapita pembeni bila kukaguliwa. Haki iko wapi?

Viongozi wa juu wa nchi wana taratibu zao za ulinzi, na mfuko wa kidiplomasia haufunguliwi, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961. Zaidi ya hapo sioni sababu ya mtu kupitishwa kwa kuwa ni "mtu wetu". Uhalali wote wa kumpapasa mama yangu unatokana na kwamba kila mtu anapapaswa. Mtoto wa fulani akipita na begi lake huku sisi tumevua mikanda, uhalali huo unavuja.

Wafanyakazi wa uwanjani nao wakaguliwe, tena kwa makini. Ile kompyuta ya Mogadishu, kamera zilionyesha abiria akikabidhiwa na watu wa uwanjani, wakati ukaguzi wa abiria umeshapita.

Lakini wanakosa! Si ni maigizo tu?

Wanakosa, ni kweli. Mwaka 2015 ilivuja taarifa kwamba wapimaji wa siri wa serikali ya Marekani walifaulu kupitisha silaha na vilipuzi bandia mara 67 kati ya majaribio 70. Nilishtuka. Hata hivyo anayepanga hana uhakika kama ni siku yake ya kukamatwa, na hilo peke yake linamnyima njia nyingi. Ninachokitoa kwenye takwimu ile ni kwamba mkaguzi aliyechoka, anayetazama skrini saa nyingi bila kupumzika, ni hatari kwetu sote, na kwamba kukagua kwa ukali hakuna uhusiano na kukagua kwa makini. Sijaona pale aliyekuta kisu kwa kufoka. Na kanuni isiyo na kazi tena iondolewe: viatu walianza kuvivulisha baada ya mtu kujaribu kulipua ndege kwa kiatu Desemba 2001, na Marekani waliacha kuwavulisha abiria wote Julai 2025.

Pesa taslimu?

Si suala la usalama wa ndege. Ukiwa na zaidi ya dola 10,000, au fedha nyingine yenye thamani hiyo, tamka forodha ukiingia au ukitoka nchini. Ukitakiwa kuhesabu, omba iwe chumbani.

Pawabenki?

Begi la mkononi, kamwe si la chini, kwa sababu ikiwaka moto inatakiwa iwe mahali watu wanapoweza kuuzima. Kikomo bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Isiyo na maandishi inaweza kuchukuliwa.

Nikitania kwamba nina bomu?

Usitanie. Watalazimika kukuchukulia kama umesema kweli, na ndege nzima itakusubiri.

Nimevunjiwa heshima. Nilalamike wapi?

Anza palepale: omba msimamizi wa zamu. Andika saa, jengo, namba ya lango, na jina au namba iliyo kwenye kitambulisho. Usipige picha eneo la ukaguzi, utageuza lalamiko lako kuwa kosa lako. Kisha andika barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, au kama ni Unguja na Pemba, kwa mamlaka yao ya viwanja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo msimamizi wa sekta, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga ambalo kazi yake ni kusimama upande wetu. Ubaguzi au udhalilishaji unaweza kufika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Taarifa binafsi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ya ukurasa mmoja yenye saa na mahali ina nguvu kuliko video ya dakika kumi ya kulia.

Na ukihudumiwa vizuri, andika pia. Nimeshaona pale Teminali Tatu dada akimpigia goti mzee amvue viatu, kwa sababu mzee hakuweza kuinama.

Mama yangu anasafiri peke yake kwa mara ya kwanza. Nimwambie nini?

Avae viatu vya kuchomoa, asivae mkanda wala bangili nyingi. Dawa zake ziwe kwenye mfuko mmoja juu ya begi la mkononi. Asikubali kubeba kifurushi cha mtu, hata cha shemeji, kama hajakifungua mwenyewe. Mwandikie karatasi kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi atakayobadilishia ndege: "Naomba nikaguliwe na mwanamke, mahali pa faragha." Aionyeshe kabla hajaguswa. Ya mama yangu tuliiandika kwa herufi kubwa, tukaitia plastiki ngumu, na bado anaiweka ndani ya pasi yake, ukurasa wa kwanza.